Mzimu Analipwa, NP Anangoja: Kuisoma Tena Ripoti ya IGF Juu ya Mishahara ya Leta



Mwaka 2023 Inspection Générale des Finances, ile tunayoiita wote IGF, ilitoa matokeo ya ukaguzi wake juu ya mishahara ya watumikaji wa Leta. Namba zile zilitembea mbio katika matelefone yetu. Watumikaji 145.604 wenye matrikule isiyo sahihi au ya kubuniwa. Wengine 53.328 wanaogawana matrikule moja na mtu mwingine. Majina 93.356 yanayoonekana zaidi ya mara moja. Na watu 43.725 wanaolipwa wakati hawako kwenye liste ambazo idara zao zenyewe zilileta. Hasara: karibu miliari 149 za franka za Kongo kila mwezi, ndiyo karibu milioni 65 za dola kwa bei ya wakati ule.

Tulisikia, tukashangaa, tukalaani. Halafu? Halafu tukapita kwa habari nyingine. Njo vile tunafanya kila mara. Leo nataka turudie ile kazi kwa utulivu, tuikosoe kama wasomi wanavyokosoa kitabu: tuseme mazuri yake, tuseme upungufu wake, na tuseme juu ya nini upungufu ule unamgusa mwalimu wa kijijini kuliko unavyomgusa mwizi.

Tuanze na mazuri, maana haki ni haki. IGF iliundwa mwaka 1987, na kwa miaka mingi raia wa kawaida hakujua hata iko wapi. Toka 2020, chini ya Jules Alingete, ikaanza kusema kwa sauti, tena na namba mkononi. Kutoa namba mbele ya watu ni kitendo kikubwa katika inchi ambako liste ya mishahara ilikuwa siri ya mabiro. Kabla ya hapo kila mtu alijua kwamba kuna "ba fictifs", lakini kujua kwa masemi ya barabarani si kujua kwa hesabu. Kwa hilo, pongezi.

Sasa tuingie ndani. Jambo la kwanza ni namna zile namba zilivyosomwa. Watu wengi walizijumlisha zote nne, wakapata 336.013, wakasema: "Ona, wezi laki tatu na zaidi!" Hesabu ile haisimami. Mtu mmoja anaweza kuwa na matrikule ya uongo, na wakati uleule jina lake linaonekana mara mbili, na tena hayuko kwenye liste ya idara yake. Huyo anahesabiwa mara tatu. Vikapu vine vinaweza kubeba samaki mmoja.

Halafu lile neno "jina linaonekana zaidi ya mara moja". Jamani, tuko Kongo. Nenda Katanga uite "Ilunga!" sokoni, uone watu wangapi watageuka. Nenda Kasai uite "Kabongo!", "Mutombo!". Kule ambako majina ya ukoo na ya babu yanarudiarudia, watu wawili wenye jina moja hawatoshi kuwa ushahidi wa wizi. Ni alama ya kuuliza tu. Inataka mtu aende, aangalie tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kazi, sura. Vilevile matrikule isiyo sahihi: iko ile iliyobuniwa na mwizi ndani ya biro, na iko ile ya mtumikaji wa kweli ambaye Leta yenyewe ilimwacha miaka bila kumpatia namba ya kudumu, akapewa namba ya kushikilia tu. Wote wawili wanaingia katika kikapu kimoja. Lakini wa kwanza anastahili gereza, wa pili anastahili kuombwa pole.

Hapa njo penye uzito wa jambo. Ukichukua liste ya alama za kuuliza ukaifanya liste ya kufuta, ni nani atakayefutwa kwanza? Yule mwenye ndugu Kinshasa atasikia mapema, atarekebisha karatasi zake kabla ya mwezi kuisha. Mwizi mwenyewe, kwa kuwa anakaa ndani ya mashine, atabadilisha namba. Atakayebaki amefutwa ni mwalimu wa kule mbali, anayetembea siku mbili kufika sou-divizioni, na anayekuja kusikia kwamba jina lake "lilitoka" siku ya kupokea mushahara. "Rudia mwezi kesho, mwalimu." Mwezi kesho tena, vilevile.

Jambo la pili ni swali ambalo zile namba zilitupatia bila kulijibu: mzimu anazaliwa wapi? Tuangalie safari ya mushahara. Kwa mwalimu, direktere wa shule anaandika liste. Inapita sou-divizioni, inapita biro ya SECOPE ambayo leo inaitwa DINACOPE, inafika wizara ya elimu. Kwa watumikaji wengine, wizara yao inaandika liste, nayo wizara ya Fonction publique ndiyo inayopaswa kumjua mtu na kumpa matrikule. Halafu wizara ya Bajeti inatengeneza mishahara. Wizara ya Fedha inatoa feza. Banke Kuu inapitisha. Mabanke ya biashara yanalipa, na kule vijijini kusiko banke, Caritas ilibeba feza kwa walimu. Hesabuni wenyewe: ni milango mingapi?

Kila mlango una liste yake. Kila mlango unasema: "Mimi ninafanya kazi yangu, waulizeni wale wengine." Fonction publique inajua nani aliajiriwa, haijui nani analipwa. Bajeti inajua nani analipwa, haijui nani yuko kazini. Shule inajua nani yuko kazini, lakini sauti yake ikifika Kinshasa imekwisha kuwa karatasi, na karatasi inaongezeka njiani. Banke inajua akaunti, haijui darasa. Mzimu hana nyumba katika mlango mmoja. Anakaa kati ya milango miwili, pale ambapo hakuna mwenye funguo zote.

Kwa hiyo mwizi wa liste hawezi kukamatwa na ofisi moja, hata ikiwa na nguvu namna gani. Wazee walisema: kidole kimoja hakivunji chawa. Kweli kabisa. Lakini angalieni mkono wetu sisi. Tuko na IGF, iliyo chini ya Rais wa Jamhuri. Tuko na Cour des comptes, ambayo inasaidia Bunge. Tuko na APLC, iliyoundwa mwaka 2020 juu ya kupigana na rushwa, nayo pia iko kwa Rais. Tuko na CENAREF, iliyotoka kwenye sheria ya 2004 juu ya kusafisha feza chafu. Kila wizara iko na ukaguzi wake. Na mwishoni iko parke na mahakama. Vidole viko vingi! Chawa anatembea kati yao kwa raha, maana kila kidole kinanyooshewa kidole kingine, hakuna viwili vinavyokutana.

Mtanijibu: "Lakini wanakutana, si kuna makamati, kuna makubaliano?" Ndiyo, wanakutana. Tunajua namna gani. Atelye ya siku tatu ndani ya hoteli, perdiem, hotuba ya kufungua, hotuba ya kufunga, picha ya familia kwenye ngazi. Wakasinye karatasi inayosema kwamba pande zote "zitashirikiana". Nani atatoa liste yake kwa nani, ndani ya siku ngapi, kwa namna gani, na nani atajibu kama hakutoa? Karatasi iko kimya. Ushirikiano wa namna ile ni kama ndoa ambayo watu walikula pilau, lakini hakuna aliyeuliza bibi arusi atalala wapi.

Tunayo mifano yetu wenyewe ya kujifunza. Kuanzia mwaka 2011 serikali ilianza kupitisha mishahara kwenye mabanke. Mnakumbuka ilivyokuwa mbele: feza ilitoka Kinshasa ndani ya makartoni, ikapita mikono ya makompatable, na kila mkono ulikata kidogo. Mwalimu alikuwa anapokea kilichobaki. Banke ilikata ile mikono, na watu wengi kwa mara ya kwanza walipokea mushahara wao mzima. Ni mafanikio, tusikatae. Lakini ilitibu ugonjwa mmoja na kuacha mwingine. Banke inalipa liste inayoletewa. Ukiletea banke mizimu mia, inafungua akaunti mia kama karatasi zimetimia. Wizi ulihama, ukatoka kwenye kartoni ukaingia kwenye listingi. Na kule juu hakuna aliyemwambia mtu wa banke: ukiona akaunti moja inapokea mishahara mitatu, au telefone moja imeandikwa kwa wafanyakazi kumi, tuambie leo. Taarifa ile iko ndani ya banke kila mwezi, bila gharama. Wala haihitaji inspekta kupanda ndege.

Tena ni jambo ambalo linatubana kutoka inje. Oktoba 2022 Kongo iliwekwa kwenye liste ya kijivu ya GAFI, kwa sababu ya upungufu katika kupigana na feza chafu. Mabanke yana lazima ya kuarifu CENAREF juu ya mwendo wa feza usioeleweka. Je, mushahara wa mzimu si feza isiyoeleweka? Ungeweza kuwa mfano wa kwanza wa vidole viwili kukutana.

Mfano wa pili ni utambulisho. Hesabu ya mwisho ya watu wote katika inchi yetu ilikuwa mwaka 1984. Wengi wanaosoma hapa hawakuwa wamezaliwa. Kadi ya utambulisho wa taifa, tumeingoja miaka na miaka. Tarehe 30 Juni 2024 Rais akapokea ya kwanza, na baada ya muda mfupi tu mkataba na kampuni iliyopewa kazi ukavunjwa. Basi tunaishi na kadi ya uchaguzi. Katika hali hiyo, kila wizara inafanya hesabu yake, inapiga picha zake, inachukua vidole vyake. Hata Afrika Kusini ilitusaidia kuhesabu watumikaji wa Leta kuanzia miaka ya 2004 na 2005. Mashine zimekuja mara nyingi. Lakini hesabu ikifanywa leo bila kuweka mtu wa kuandika nani alikufa kesho, nani aliacha kazi, nani alihama, baada ya miaka mitatu ni karatasi ya zamani, na mizimu imezaliwa upya. Kuhesabu ni siku moja, kutunza hesabu njo kazi.

Jirani zetu wa Tanzania wanawaita "watumishi hewa", jina zuri kabisa. Mwaka 2016, wakati wa Magufuli, waliwafuatilia kwa nguvu na wakapata zaidi ya elfu kumi. Mwaka uliofuata wakageukia vyeti vya uongo. Watu wengi hapa kwetu wanapenda kusema: "Tufanye kama Magufuli, fagio tu!" Lakini wasimalizie hadithi katikati. Katika kufagia kule, waliondolewa pia watumishi wa darasa la saba walioajiriwa zamani kihalali, na mwaka 2018 serikali ileile ikatangaza kuwarudisha. Fagio halina macho. Na kama Tanzania, yenye kumbukumbu zilizopangwa kuliko zetu, ilibidi irudi nyuma, sisi wenye majina mawili-mawili na kadi za uchaguzi tutafika wapi?

Tatizo la tatu ni mwisho wa safari: mahakama. Ripoti ya ukaguzi si hukumu. Tuchukue Bukanga-Lonzo, ile bustani kubwa ya kilimo iliyofunguliwa mwaka 2014. Ripoti ya IGF ilitoka mwaka 2020. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ikasema haina uwezo wa kuhukumu kesi ya waziri mkuu wa zamani. Baadaye ikasema inao. Hukumu ikatoka Mei 2025: miaka 10 ya kazi ngumu kwa Matata Ponyo, ambaye amekana siku zote. Simhukumu mimi hapa, wala simtetei. Nahesabu tu: kutoka ripoti mpaka hukumu, karibu miaka mitano, na sehemu kubwa ya muda ule ilipita katika swali la kujua nani ana haki ya kuhukumu. Swali lile lilipaswa kuwa na jibu kabla inspekta hajafungua kalamu. Wakati idara hazikupatana mbele juu ya nani anapokea faili na ushahidi wa namna gani unakubalika, mshitakiwa na raia wote wawili wanaumia: mmoja anaishi miaka chini ya kivuli, mwingine haoni feza yake ikirudi.

Na niseme neno moja juu ya ile "patuye ya fedha", la patrouille financière, ambapo mainspekta waliwekwa ndani ya makampuni ya Leta kuangalia matumizi mbele hayajafanyika. Ilizuia mambo mengi, sikatai. Lakini mkaguzi anayekubali matumizi asubuhi, jioni atakagua nini? Kazi yake mwenyewe? Mlinzi akianza kupika, nani atamlinda mpishi? Tena nguvu yote iliwekwa juu ya jina la mtu mmoja. Mwaka 2025 IGF ilipata mkubwa mwingine, na kila mtu akauliza: "Sasa itakuwa namna gani?" Kama swali lile linaulizwa, maana yake tulijenga mtu, hatukujenga njia.

Basi tufanye nini? Mukosoaji asiye na pendekezo ni mpiga kelele. Kwangu mimi, ushirikiano wowote kati ya maidara juu ya mishahara uulizwe maswali matano, na kama moja halina jibu lililoandikwa, basi ni picha ya familia tu.

La kwanza: liste ya mwisho ni ya nani? Wizara moja iwe mwenye liste, wengine wote wasome kutoka kwake. La pili: nani ana haki ya kuongeza jina na nani ana haki ya kutoa, na je, wawili hao ni watu tofauti? Anayeongeza asiwe yuleyule anayehakikisha. La tatu: mtumikaji aliyefutwa kwa makosa anaenda kulalamika wapi, karibu na nyumbani kwake, na anajibiwa ndani ya siku ngapi? Jina liwekwe kwanza kwenye ukuta wa sou-divizioni mwezi mmoja kabla ya kufutwa. La nne: idara isiyotoa taarifa kwa wakati inapoteza nini? Maana leo haipotezi kitu. Tena waziri mwenye liste ndefu ana bajeti ndefu. Kumwomba aifupishe bila faida yoyote ni kumwomba ajikate mguu.

La tano ndilo kubwa kwangu: feza iliyookolewa inaenda wapi? Hapa tufike kwa ba NP na ba NU wetu. NU ni yule mwalimu mpya ambaye hajaingizwa kwenye mashine. NP ni yule anayejulikana lakini mushahara haumfikii. Wako darasani. Wanaandika kwenye tablo kila siku. Toka masomo ya msingi yalipofanywa ya bure Septemba 2019, hata ile feza kidogo ya wazazi iliyowashikilia ilipungua. Kwenye bajeti ileile, mwezi uleule, mzimu anapokea na NP anangoja. Hawa wawili ni ukurasa mmoja wa listingi moja: kiti cha mmoja kimekaliwa na mwingine.

Kama serikali ingeandika sheria rahisi, kwamba kila mzimu anayefutwa katika sou-divizioni, NP wa sou-divizioni ileile anaingia mahali pake, mngeona maajabu. Leo mwalimu anayejua kwamba direktere wake ana majina matatu ya hewa ananyamaza, maana akisema anapata adui na hapati kitu kingine. Kesho angekuwa na sababu ya kusema, na wenzake wangemlinda. Liste ya walimu ibandikwe kwenye mlango wa shule kila muhula. Mama anayeuza mikate mbele ya shule anawajua walimu wote, anajua nani ni mgonjwa, nani alikufa mwaka jana. Ule ni ukaguzi ambao hakuna mashine ya kuchukua vidole itaweza kuushinda, na hauna perdiem.

Ndugu wasomi, ile ripoti ya 2023 ilikuwa mlango, watu wakaifanya ukuta wa kuandikia matusi. IGF ilihesabu, kuhesabu ilikuwa kazi yake. Kazi ya kusafisha ni ya wizara zile nyingine pamoja, na kazi ya kuuliza ni yetu. Wengi wetu tuko ndani ya maidara haya haya: divizioni, banke, Bajeti, mahakama. Kila mmoja ana kipande kimoja cha liste mbele yake. Tuanze na swali dogo, kila mtu pale anapotumika: liste yangu inakutana na ya nani, na mara ya mwisho zilikutana lini? Mukijibu hapa chini, jibuni na hilo. Matusi kwa wakubwa tunayo ya kutosha.